Wenye Hisa, Hatuendi Mkutanoni Kula Pilau

Kila mwaka, ifikapo Mei na Juni, makampuni mengi yaliyofunga vitabu vyao mwezi Desemba huwaita wenye hisa katika mkutano mkuu. Sisi tumekwisha hudhuria mikutano hiyo, na twataka kusema waziwazi tuliyoyaona, maana kuficha aibu yetu wenyewe hakutatusaidia kitu.

Mwenye hisa hufika asubuhi. Hupewa mfuko, fulana na kofia yenye jina la kampuni, kisha huketi. Mwenyekiti husoma hotuba. Mkurugenzi Mkuu huonyesha ukutani picha za mistari inayopanda. Mkaguzi wa hesabu husema maneno mawili matatu ya Kiingereza. Halafu huulizwa: "Wanaokubali hesabu?" Mikono yote juu. "Wanaokubali wakurugenzi waendelee?" Mikono juu. "Wanaokubali malipo ya wakaguzi?" Juu tena. Saa saba pilau iko tayari. Jioni ukimkuta mtu huyu kwenye stendi ya basi na kumwuliza mmekubali nini, atakujibu, "Tumepitisha hesabu." Hesabu gani? Hajui. Amepitisha asichokisoma, katika kampuni ambayo yeye mwenyewe ni mmoja wa wenye mali.

Hatusemi haya kwa kumcheka mtu. Sisi pia tulivaa kofia hizo, na pilau tulikula.

Yafaa tukumbuke tulivyofika hapa. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki na makampuni makubwa yalitaifishwa yakawa mali ya umma. Wakati ule mwananchi alimiliki kwa mkono wa Serikali yake. Miaka ya 1990 njia ikageuzwa, mashirika yakaanza kuuzwa. Mwaka 1993 nusu ya kiwanda cha bia ilikwenda kwa kampuni ya Afrika Kusini. Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara Aprili 1998, na kampuni ya kwanza kuingia ilikuwa TOL, watengenezaji wa oksijeni. Kiwanda cha bia kikafuata mwezi Septemba mwaka huo huo. Benki ya NMB iliingia mwaka 2008, CRDB mwaka 2009. Mwaka 2017, baada ya sheria kuyataka makampuni ya simu yauze robo ya hisa zao kwa umma, Vodacom Tanzania iliuza hisa zaidi ya milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja.

Walionunua katika vipindi hivyo hawakuwa matajiri peke yao. Walikuwamo walimu, wauguzi, askari, wakulima wa kahawa na wastaafu waliotoa sehemu ya kiinua mgongo chao. Haba na haba hujaza kibaba, nao walitia haba yao. Basi twauliza: mtu aliyetia jasho lake, kwa nini akifika mahali pa kuulizia awe bubu?

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Miaka ya 1950 ilipoanza, wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakuanza kwa fujo. Walianza kwa swali dogo: mizani hii yasema kweli? Wakaweka wapimaji wao wenyewe, pamba ikapimwa upya, uzito ukalinganishwa. Katika kazi hiyo ya kuuliza na kupima, vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa vilipata nguvu, hata mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation chini ya Paul Bomani. Wengi wa wakulima wale hawakuwa na elimu ya darasani, lakini walijua mahali wizi unapokaa. Unakaa katika kipimo. Na kitabu cha hesabu, ndugu zangu, ndicho mizani ya kampuni.

Sasa tueleze yaliyotupata sisi. Jina la kampuni hatulitaji, maana kusudi letu ni kufundishana wala si kugombana na mtu.

Mwaka wa kwanza tulikwenda watu kumi na wanne kutoka wilaya yetu, tumekodi basi dogo. Wakati wa maswali ulipofika, mzee wetu mmoja alisimama akauliza, "Mheshimiwa Mwenyekiti, je, kampuni yetu iko salama?" Mwenyekiti akatabasamu, akajibu, "Salama salimini, mzee wangu." Makofi. Mwenzetu wa pili akatumia dakika kumi kulalamika kwamba nauli aliyorudishiwa haikutosha na kwamba kofia za mwaka uliopita zilikuwa bora. Wa tatu akafunga maswali matatu katika pumzi moja. Mwenyekiti akachagua lililo rahisi, mawili yakapotea hewani. Kisha tukaambiwa muda umekwisha.

Siku ile ile gawio lilikuwa limepungua kwa nusu. Nusu nzima! Na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini. Tulilipitisha kwa makofi.

Tulipokuwa njiani kurudi, mama mmoja muuguzi, aliyenunua hisa zake kwa fedha alizoachiwa na marehemu mumewe, alitugeukia sisi tuliokaa viti vya nyuma. "Wanangu," akasema, "ninyi mmetoka chuo cha ualimu. Mngeingia darasani bila andalio la somo?" Hatukuwa na jibu. Basi likaenda kimya hadi nyumbani.

Mwaka wa pili tukafanya andalio. Mara ilipotoka taarifa ya mkutano tulikwenda kuchukua kitabu cha mwaka. Tulikutana Jumamosi tatu katika darasa la shule ya msingi, tukamwomba mhasibu wa chama cha ushirika aje kutufasiria, kwa kuwa kitabu chote kilikuwa cha Kiingereza. Kila mtu aliambiwa ataje swali lake, likaandikwa ubaoni. Yalifika thelathini na moja. Hapo tukaanza kufuta. Swali ambalo jibu lake lilikuwamo kitabuni, tulifuta. Malalamiko ya mteja juu ya karani wa dirishani, tulifuta, kwani hayo yana mahali pake. Maswali mapacha tuliyafanya moja. Yakabaki manne, na kila moja likapewa mtu wake, ukurasa wake, na mtu wa pili wa kulifuata kama jibu halikutosha.

La kwanza: faida imeongezeka, lakini fedha taslimu zilizoingia kutokana na biashara zimepungua, faida hiyo iko wapi? La pili: madeni tunayowadai wateja yamekaribia kuwa mara mbili, na mauzo yamepanda kidogo tu, nani anadaiwa, na tangu lini? La tatu: kampuni mama iliyoko ng'ambo hulipwa ada ya usimamizi na ya kutumia jina, ada hiyo huhesabiwaje, na ilipopitishwa, wakurugenzi waliotoka kampuni mama walikaa chumbani au walitoka nje? La nne: magawio yasiyochukuliwa ni kiasi gani, na kampuni inafanya nini kuwatafuta wenyewe na warithi wao?

Twataka msomaji ajue jinsi kila moja lilivyokwenda, kwa haki, pamoja na lile lililotuaibisha.

La kwanza lilijibiwa vizuri. Mkurugenzi Mkuu alieleza kwamba walinunua malighafi nyingi mapema kwa kuhofia bei kupanda, na mzigo ulikuwa bado ghalani. Alitaja ghala na alitaja mwezi. Tuliridhika, tukamshukuru. Swali zuri si lazima limwangushe mtu. Meneja anayefanya kazi yake hulipenda, maana humpa nafasi ya kuonyesha kazi hiyo.

La pili aliliuliza yule mama muuguzi. Alitaja ukurasa, akasoma tarakimu mbili, akauliza, akaketi. Hakuongeza hotuba. Mwenyekiti akamtazama Mkurugenzi, Mkurugenzi akamtazama mhasibu. Hatimaye mhasibu akasema kwamba sehemu kubwa ya deni ilikuwa ya mteja mmoja, na lilikuwa limepita mwaka. Ukumbi ukanong'ona. Jambo ambalo watu watano walikuwa wakilijua, sasa walilijua watu mia kadhaa.

La tatu tuliambiwa ni siri ya biashara. Mwenzetu wa kufuata akasimama: "Mheshimiwa Mwenyekiti, siri hatuombi. Kiasi cha ada mmekichapa wenyewe katika kitabu. Twauliza kimehesabiwaje." Tukaahidiwa jibu kwa barua. Barua ilikuja baada ya wiki kumi, ikiwa na jibu nusu. Tunayo, tumeitunza, na nusu iliyobaki hatujaacha kuidai.

La nne ndilo lililotuaibisha. Tulitaja kiasi cha magawio yasiyochukuliwa, na mhasibu akatusahihisha kwa upole: hatukutazama juu ya safu palipoandikwa kwamba tarakimu zote ni za maelfu. Ukumbi ukacheka, nasi tukaona haya. Lakini kicheko kilikatika upesi, maana kwa kusahihishwa huko kila mtu aling'amua kwamba fedha za watu zilizolala pale zilikuwa mara elfu moja kuliko tulivyosema. Wajane wangapi hawajui kwamba marehemu aliacha hisa? Mwaka ule kampuni iliahidi kutangaza majina kwa Kiswahili.

Kutokana na hayo tumejifunza mambo ambayo twataka kila mwenye hisa ayajue.

Kwanza, soma kabla ya kuuliza. Usianze na picha za kurasa za mbele. Anza na maoni ya mkaguzi wa hesabu: ametoa hati safi, au ameweka kasoro? Kisha tazama mtiririko wa fedha, maana faida yaweza kuandikwa kwa kalamu, lakini fedha taslimu huhesabiwa kwa mkono. Kisha soma maelezo ya nyuma yenye herufi ndogo, hasa yahusuyo biashara baina ya kampuni na jamaa zake, yaani kampuni mama, wakurugenzi, na makampuni ya wakurugenzi. Tazama kama tarakimu ni shilingi, maelfu au mamilioni. Sisi tumekwisha chekwa kwa niaba yenu.

Pili, swali liwe moja, fupi, lenye ukurasa na tarakimu. Ukiuliza "Mambo yako sawa?" utajibiwa "Sawa." Uliza kiasi gani, nani, lini, na kwa nini mwaka huu si kama mwaka jana. Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa tabasamu.

Tatu, gawaneni kazi. Mtu mmoja akiuliza yote ataitwa mkorofi. Wanne wakiuliza moja moja, huo ni mkutano. Na mkumbuke adabu, maana anayepiga kelele humpa Mwenyekiti sababu ya kumnyamazisha, na jibu huzikwa pamoja na kelele.

Nne, pelekeni maswali kwa maandishi kwa Katibu wa kampuni mapema, mbakize nakala. Hapo hakuna atakayesema, "Hatukuja na vitabu vya jambo hilo." Na mkutanoni ombeni swali na ahadi viandikwe katika kumbukumbu. Mwaka ujao jambo la kwanza liwe kuuliza juu ya ahadi za mwaka jana. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi ni vivyo hivyo.

Tano, zijueni haki zenu. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inataka taarifa ya mkutano mkuu itolewe siku 21 kabla. Siku hizo ziliwekwa ili watu wasome, wala si ili washone nguo. Asiyeweza kufika ana haki ya kumtuma mwakilishi kwa hati, basi msiitupe fomu ile; mpeni mtu mnayemwamini, mwambieni apige kura gani. Wenye hisa walio na sehemu moja ya kumi ya mtaji wenye haki ya kura waweza kudai mkutano wa dharura. Na tena, kura ya kunyoosha mikono huhesabu watu, bali kura ya karatasi huhesabu hisa. Ni vizuri kujua mapema ni ipi itakayotumika.

Watu wengine hutuambia, "Mnajisumbua. Mgeni ana asilimia sitini, ninyi mna hisa mia mbili. Mtabadili nini?" Neno hili lina ukweli, wala hatulikatai. Kwa kura peke yake hatumshindi. Lakini kura ni kitu kimoja, na swali ni kitu kingine. Mwenye hisa mia mbili ana mdomo mmoja, na mwenye hisa milioni mia mbili ana mdomo mmoja. Swali likisemwa mbele ya mkaguzi wa hesabu, mbele ya wenye magazeti na mbele ya wafanyakazi wa kampuni, limekwisha toka. Halirudi tena mfukoni mwa mtu. Mkurugenzi aliyeulizwa juu ya deni mwaka huu hulikumbuka deni hilo mwaka mzima.

Tutazame majirani. Kampuni ya sukari ya Mumias huko Kenya iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001, na wakulima wa miwa walikuwa miongoni mwa wenye hisa. Hasara zikafuatana, madeni yakapanda, hata mwaka 2019 benki iliyokuwa ikiidai ikaiweka mikononi mwa msimamizi wake. Kampuni ikifika hapo, mwenye hisa hulipwa wa mwisho, baada ya wadai wote. Na mara nyingi hakuna kinachobaki. Ndiyo sababu twasema wakati wa kuuliza ni wakati kampuni ingali hai, gawio lingali linatoka na pilau ingali inapikwa. Mkutano wa mazishi hauna ajenda ya maswali.

Liko jambo jingine ambalo chama hakiwezi kulinyamazia. Wananchi wengi hawana hisa hata moja kwa jina lao, lakini ni wenye hisa bila kujua. Serikali ina hisa katika makampuni mbalimbali, kama ilivyo katika Benki ya NMB, nazo ni mali ya umma. Mifuko ya pensheni huweka fedha za wafanyakazi katika hisa. Mwalimu anayekatwa mshahara kila mwezi, fedha yake iko mle. Basi wale wanaokwenda mkutanoni kwa niaba ya umma, twawauliza nao: mliuliza nini? Mliandaa maswali gani? Mlipiga kura upande upi, na kwa sababu gani? Mwakilishi wa mfuko aliyeketi kiti cha mbele ana hisa nyingi kuliko ukumbi mzima wa nyuma. Akikaa kimya, ukimya wake ni wa watu maelfu. Viongozi wetu wa vyama vya wafanyakazi wangefanya kazi njema kuliulizia jambo hili kila mwaka.

Kadhalika lugha. Kampuni inayouza hisa kwa Watanzania hufanya matangazo yake kwa Kiswahili kitamu, redioni na barabarani. Wakati wa kuchukua fedha Kiswahili chafaa. Wakati wa kutoa hesabu, Kiingereza! Ubaguzi gani huu? Yako makampuni yaliyoanza kuchapa vitabu kwa lugha zote mbili, nayo twayapongeza. Yaliyobaki yaulizwe swali hilo kila mwaka, na kila mkutano, mpaka yachoke kujibu na yaanze kutenda.

Matawi yetu yana nini la kufanya? Tusingoje maelekezo kutoka juu. Kila tawi lijue ni nani miongoni mwa wanachama na majirani ana hisa, na ana hisa za kampuni gani. Hatuulizi kiasi, hiyo ni siri yake. Kitabu kikitoka, watu wakutane. Mwalimu yupo, ubao upo, mhasibu wa ushirika hakosekani. Jumamosi tatu zatosha. Walio mbali na mjini wakusanye nauli ya watu wawili na hati za uwakilishi za wengine wote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wala jambo hili lisifanywe la chama kimoja. Siku ya mkutano mkuu hakuna kadi ila ya hisa. Asiyekuwa mwenzetu katika siasa aweza kuwa mwenzetu katika swali, naye akaribishwe darasani.

Asiyeuliza hana ajifunzalo, na katika mambo ya mali, asiyeuliza hana abakiwacho nacho. Yule mama muuguzi amekwisha tuambia kwamba mwaka ujao hataki kupewa swali la pili tena. Anataka la tatu, lile la ada ya kampuni mama. Barua ya jibu nusu ameichukua kwetu, ameifunga pamoja na kitambulisho chake katika mfuko wa nailoni, na tangu sasa anasoma ukurasa wake. Je, wewe msomaji, umekwisha kichukua kitabu chako?